Fokasi ya Kamera ya Kujitengenezea: Kwa Nini Kioo na Filamu Havipatani

Kutengeneza kamera kwa mbao na lenzi moja ni kazi ambayo kikundi chochote cha sayansi shuleni kinaweza kuimaliza katika majuma machache. Sanduku likiungwa vizuri halipitishi mwanga. Lenzi hupatikana kwenye kamera kuukuu iliyokufa, au hata kwenye kioo cha kukuzia maandishi. Filamu ya upana wa sentimita 6, ile iitwayo 120, ambayo kampuni ya Kodak iliitoa mwaka 1901, ingali inatengenezwa, ingawa si kila mji una duka la kuiuza. Ugumu huanza baadaye. Mwanafunzi hutazama taswira kwenye kioo cha nyuma, huuona uso wa mwenzake u dhahiri hata kope zinahesabika, kisha hupiga picha. Filamu ikisafishwa, uso umeingia ukungu, lakini ukuta ulio nyuma ya mwenzake umetoka safi, kila tofali likionekana. Hurudia kwa uangalifu zaidi, na matokeo huwa yaleyale. Roli moja ina picha 12 tu, na bei yake si ndogo. Roli ya pili nayo ikiharibika, kamera huwekwa juu ya kabati, na kikundi hakikutani tena.

Makala haya yanaeleza sababu za hitilafu hiyo na namna ya kuipima. Tunasema kuipima, wala si kuikisia, kwa sababu wengi wanaopatwa na tatizo hili huanza kusogeza lenzi mbele na nyuma kwa kubahatisha, na kila bahati inagharimu picha moja. Hali filamu yenyewe, ikiulizwa ipasavyo, huweza kueleza kwa picha moja kosa liko upande gani na lina ukubwa wa milimita ngapi.

Uzito wa milimita moja

Mwanafunzi wa sekondari atakumbuka kanuni ya lenzi: 1/f = 1/u + 1/v, ambapo f ni urefu wa fokasi, u ni umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi, na v ni umbali wa taswira. Tuchukue lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 100, kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi. Kitu kilicho mbali sana, kama mlima, taswira yake hukaa milimita 100 nyuma ya lenzi. Kitu kilicho mita 5, taswira iko milimita 102.0. Kilicho mita 2, ni milimita 105.3. Kilicho mita 1, ni milimita 111.1.

Hebu tuzitazame namba hizo. Kutoka mlimani hadi mita 5 ni safari ndefu kwa upande wa kitu, lakini kwa upande wa taswira ni mwendo wa milimita 2 tu. Nyuma ya lenzi, milimita ni nchi pana.

Sasa tuseme mpiga picha ameweka fokasi kwa mtu aliye mita 2, lakini filamu, ilipoingizwa, ikakaa milimita 1 nyuma zaidi ya pale kioo kilipokuwa. Kwa filamu hiyo v ni milimita 106.3, na kanuni inatupa u ya mita 1.70. Yaani kitakachotoka dhahiri ni kitu kilicho sentimita 30 mbele ya pua ya mtu huyo. Filamu ikikaa milimita 1 mbele, kitakachotoka dhahiri kipo mita 2.45, nyuma ya kisogo chake. Kwa mtu aliye mita 5 kosa hilohilo la milimita 1 linahamisha fokasi hadi mita 3.4 kwa upande mmoja, au hadi mita 9.7 kwa upande wa pili. Hapo ndipo ukuta unapotoka safi na mwenye picha anapotoka kama mzimu.

Je, filamu inaweza kuvumilia kosa la kiasi gani? Jibu linategemea upana wa tundu la lenzi. Namba ya tundu ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Kwa hiyo lenzi yetu ikiwa na tundu la milimita 12.5, namba yake ni 8. Nukta ya mwanga isiyofika mahali pake huwa doa la mviringo juu ya filamu. Tukikubali doa lisilozidi milimita 0.05, ambalo jicho halitaliona katika picha ya ukubwa wa kawaida, basi kosa linalovumilika kila upande ni namba ya tundu mara 0.05. Kwa tundu namba 8 ni milimita 0.4. Kwa namba 4 ni milimita 0.2. Kwa namba 16 ni milimita 0.8. Msumeno wa mkono peke yake hula zaidi ya hapo. Kwa hiyo asilaumiwe seremala wala mwanafunzi: kamera iliyokusanywa tu bila kupimwa kwa kawaida haitakuwa sahihi, na ikitokea sahihi ni bahati.

Kufumba tundu hadi namba 16 huficha kosa, na wengi huishia hapo. Si dhambi, lakini mwanga hupungua hadi robo ya ule wa namba 8, na anayepiga picha za watu darasani au chini ya mwembe ataona taabu yake.

Kioo cha ukungu

Kioo kinachopokea taswira lazima kiwe na ukungu, ama sivyo mwanga hupita moja kwa moja na jicho halioni kitu. Kipande cha kioo cha dirisha husuguliwa kwa dawa ya kusagia vali ambayo mafundi wa magari huitumia, mpaka upande mmoja uwe mweupe sawasawa. Taswira hukaa kwenye upande huo uliosagwa, si katikati ya kioo wala kwenye upande laini. Kwa hiyo upande uliosagwa ndio unaopaswa kutazama lenzi, na ndio unaopaswa kusimama mahali hasa pa uso wa filamu wenye dawa.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni kukigeuza kioo, upande laini ukatazama lenzi, kwa kuwa upande laini ni rahisi kuufuta vumbi. Kama kioo kina unene wa milimita 3, mwanafunzi atadhani kosa ni milimita 3. Sivyo. Mwanga unapopita ndani ya kioo hupinda, na taswira husukumwa nyuma kwa kiasi cha theluthi moja ya unene, yaani milimita 1. Kosa linalobaki ni milimita 2, na mwelekeo wake ni kwamba filamu iko karibu mno na lenzi. Kwa mtu aliye mita 2, fokasi itaangukia mita 3.2. Mwalimu anayefundisha kupinda kwa mwanga hatapata mfano ulio hai kuliko huu.

Kuna mafundi walioliepuka tatizo hili lote kwa werevu. Nchini Afghanistan wapiga picha wa barabarani walitumia kwa miaka mingi kamera ya sanduku la mbao iitwayo kamra-e-faoree, maana yake kamera ya papo hapo. Ndani ya sanduku kioo cha ukungu husogezwa kwa fimbo hadi taswira iwe dhahiri. Kisha mpiga picha hufunika lenzi, huingiza mkono gizani kupitia mkono wa kitambaa, na kuiweka karatasi ya picha juu ya kioo kilekile. Kioo hakiondolewi ili karatasi ichukue nafasi yake. Karatasi na kioo vina kikao kimoja. Anayetengeneza kamera ya karatasi badala ya filamu ya roli angefanya vyema kuiga mpango huo.

Jaribio la kadi tisa

Kwa kamera ya filamu ya roli, ambayo kioo na filamu hupokezana nafasi, lazima tupime. Tafuta kadi tisa ndogo, uziandike namba 1 hadi 9 kwa wino mweusi mzito, na chini ya kila namba uchore mistari myembamba iliyosogeleana. Zisimamishe juu ya meza ndefu, kila moja ikiegemea kiberiti, kwa mstari wa mshazari ili isiwepo inayoificha nyingine. Kadi ya 5 iwe mita 2 kamili kutoka kwenye lenzi. Kadi nyingine zipishane kwa sentimita 10 kwenda mbele na nyuma: ya 1 iwe mita 1.60, ya 9 iwe mita 2.40. Kamera iwe juu ya kitu kisichotikisika.

Weka fokasi kwenye kadi ya 5 kupitia kioo cha ukungu, ukijifunika kitambaa cheusi na kutumia lenzi ya kukuzia, maana jicho tupu huridhika upesi. Tundu liwe lilelile utakalotumia kupiga picha. Jambo hili hupuuzwa sana. Katika lenzi moja isiyo na marekebisho, miale ya pembezoni hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko miale ya katikati. Kwa hiyo anayeweka fokasi kwa tundu pana kisha akalifumba amekwisha kuhamisha fokasi bila kugusa kitu. Kaza kila kitu, weka filamu, piga.

Filamu ikisafishwa na kukauka, itazame negativu kwa lenzi ya kukuzia juu ya karatasi nyeupe. Usitafute kadi iliyo dhahiri kuliko zote. Kwa tundu namba 8 kadi mbili au tatu zitaonekana sawa, na macho ya wanafunzi watatu yatachagua kadi tatu tofauti. Tafuta badala yake kadi mbili zilizofifia kwa kiasi kimoja, moja kila upande. Fokasi ya kweli iko karibu na katikati yao. Kufifia ni rahisi kukulinganisha kuliko kuwa dhahiri.

Kama jibu ni kadi ya 5, kamera yako ni sahihi. Kama ni kadi ya 4, filamu iko milimita 0.3 nyuma ya mahali pa kioo. Ya 3, milimita 0.6, ya 2, milimita 1.0, ya 1, milimita 1.4. Kwa upande mwingine, kadi ya 6 inaonyesha kuwa filamu iko mbele kwa milimita 0.3, ya 7 kwa 0.5, ya 8 kwa 0.7, ya 9 kwa 0.9. Namba hizi ni za lenzi ya milimita 100 peke yake. Mwenye lenzi nyingine azikokotoe upya kwa kanuni ileile.

Marekebisho hufanywa kwenye kioo, kwa kuwa njia ya filamu ni ngumu kuigusa. Filamu ikiwa nyuma, kioo nacho kirudishwe nyuma kwa kuweka vipande vya karatasi kati yake na fremu. Chukua kurasa 100 za karatasi ya kuandikia, zibane, zipime kwa rula na ugawanye. Utakuta kila karatasi ina unene wa karibu milimita 0.1. Kadi ya 3 ikishinda, weka karatasi 6. Filamu ikiwa mbele, fremu ya kioo ndiyo ipunguzwe kwa msasa, polepole, pembe zote nne kwa usawa. Kisha rudia jaribio. Picha mbili zimetumika, na 10 zimebaki.

Picha hiyohiyo ina habari nyingine kwa anayetaka kuisoma. Panga safu mbili za kadi, moja kushoto na moja kulia. Kushoto ikishinda kadi ya 3 na kulia kadi ya 6, basi ubao wa lenzi haulingani sambamba na filamu, na hakuna idadi ya karatasi itakayoponya jambo hilo mpaka ubao unyooshwe.

Jicho huona rangi moja, karatasi huona nyingine

Kwa kuwa filamu ni ghali, wengine hulifanya jaribio hili kwa vipande vya karatasi ya picha, ambavyo husafishwa chini ya taa nyekundu na havina gharama kubwa. Wazo ni zuri, lakini lina mtego. Karatasi hiyo huathiriwa hasa na mwanga wa buluu na urujuani. Jicho letu huona vizuri zaidi mwanga wa kijani na njano. Lenzi moja ya kioo cha kawaida hupinda buluu zaidi kuliko njano, na katika lenzi ya milimita 100 taswira ya buluu hukaa karibu milimita 2 mbele ya ile ya njano. Mwanafunzi aliyeweka fokasi mita 2 kwa jicho atakuta karatasi imeweka fokasi karibu mita 1.4, nje ya safu nzima ya kadi. Kadi ya 1 itakuwa afadhali kuliko nyingine, nayo pia ina ukungu. Akirekebisha kioo kwa kufuata karatasi, atakuwa ameiharibu kamera kwa filamu.

Hitilafu hii ni ya zamani kama upigaji picha wenyewe. Antoine Claudet, Mfaransa aliyezaliwa Lyon mwaka 1797 na kufungua studio London mwaka 1841, alitumia mabamba ya fedha ya Daguerre, ambayo nayo yalikuwa mepesi kwa buluu na mazito kwa rangi nyingine. Alithibitisha kuwa mahali jicho linapoona taswira dhahiri sipo mahali bamba linapoipokea dhahiri. Ili kuupima mwachano huo alibuni chombo cha vipande vya kadi vyenye namba, vilivyopangwa kila kimoja nyuma kidogo ya mwenzake. Alikipiga picha na kusoma namba iliyotoka safi. Kadi zetu tisa ni wajukuu wa chombo hicho.

Namna ya kujua kama rangi ndiyo yenye kosa ni hii: tazama kioo cha ukungu kupitia karatasi angavu ya buluu iliyowekwa mbele ya lenzi. Kama fokasi inahama, lenzi yako inatenganisha rangi. Lenzi iliyotoka kwenye kamera ya kiwandani, yenye vipande vitatu au vinne vya kioo, haitahama kwa kiasi cha kuonekana. Mwenye lenzi ya kukuzia maandishi ana njia mbili. Akitumia filamu inayopokea rangi zote, aweke kichujio cha njano mbele ya lenzi, na buluu iondoke njiani. Akitumia karatasi, aweke fokasi kwa jicho, kisha aisogeze karatasi ielekee lenzi kwa sehemu 1 katika 50 ya umbali ulio kati yao.

Hitilafu isiyotulia

Makosa yote tuliyoyataja yana tabia moja njema: hurudi yaleyale kila picha. Liko jingine lisilo na tabia hiyo. Jaribio la leo linasema kadi ya 3, la kesho kadi ya 6, wala hakuna aliyegusa kamera. Hapo usiongeze karatasi wala usipige msasa, kwa maana utakuwa unalifukuza jambo lisilosimama. Sababu ni filamu yenyewe kutokaa bapa.

Filamu ya roli hupenda kujikunja kama ilivyozoea kwenye kigurudumu chake, na isipobanwa huvimba katikati. Inahitaji reli mbili laini mbele na bamba la kuikandamiza nyuma. Bamba la chuma chembamba lililopigwa rangi nyeusi na kusukumwa na vipande viwili vya sponji hutosha kabisa. Pia usivute filamu mapema ikalala usiku kucha mahali pa picha. Ivute unapokuwa tayari kupiga. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, tahadhari hii ina maana kubwa zaidi.

Unyevu huohuo hugusa mbao. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake zaidi sana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Kwa hiyo mbao za ubavuni mwa kamera zikatwe nyuzi zikielekea kutoka lenzi hadi filamu, ama itumike plaiwudi. Kamera iliyopimwa wakati wa kiangazi ipimwe tena masika yakianza.

Kuchora alama za umbali

Kioo kikishakubaliana na filamu, kamera inaweza kuchorwa alama za mita ili kisitumike kila mara. Usizichore kwa hesabu tupu, kwa sababu urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye lenzi huenda usiwe kamili. Weka kadi mita 1, 2, 3 na 5, tazama, na uchore. Amua tangu mwanzo kama mita zinahesabiwa kutoka kwenye lenzi au kutoka kwenye filamu, kisha uandike uamuzi huo juu ya sanduku. Kwa mita 5 tofauti haidhuru. Kwa mita 1 inaleta mwachano wa milimita 1.6 nyuma ya lenzi, mara nne ya kile ambacho tundu namba 8 linaweza kuvumilia.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi maswali mawili kabla ya kugusa mbao. Lenzi ya milimita 75 imewekwa fokasi mita 1.5, na kadi iliyotoka dhahiri ilikuwa mita 1.35; filamu iko wapi? Jibu linakaribia milimita 0.5 nyuma. Na kioo chenye unene wa milimita 2 kikigeuzwa, kosa ni kiasi gani, na je, uso wa anayepigwa picha utashindwa na kilicho mbele yake au na kilicho nyuma yake?